Nilimuuliza mwenye kamba mbwa wake yuko wapi

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mtu wa maneno. Nalisema mapema usije ukadhani najificha. Nikikaa kwenye foleni, hata iwe fupi vipi, kabla sijafika dirishani nitakuwa nimeshajua jirani yangu ana watoto wangapi na yupi kati yao ni mtundu. Mwenzangu nyumbani husema nikinyamaza dakika tano ataniwekea kipimajoto.

Tangu miezi minne iliyopita nampeleka paka wangu kliniki ya wanyama kila wiki. Ana miaka 14 na figo zimechoka. Anaongezewa maji kwa sindano chini ya ngozi, tunarudi nyumbani. Shughuli yenyewe haimalizi robo saa, lakini kusubiri kunaweza kula saa nzima, maana anayeletwa na hali mbaya hupitishwa mbele, na ndivyo inavyostahili. Katika saa hiyo ndipo nilipokuwa nikijifurahisha.

Sijui kama umewahi kukaa kwenye chumba kama kile. Kwingine mgeni akikusemesha unajiuliza anataka nini. Pale, mtu anafunua boksi, unaona masikio mawili, maneno yameshaanza. Nimekaa na mzee mwenye kasuku anayelia kama simu, kila akilia watu wanne wanajipapasa mifukoni. Nimekaa na mtoto aliyemleta sungura ndani ya kasha la viatu, akiwa ametoboa matundu kwa penseli na kuyaandikia namba. Nilikuwa narudi nyumbani na hadithi kila wiki.

Wiki tatu zilizopita alikuwapo bwana mmoja mwisho wa benchi. Mkononi alikuwa na kamba nyekundu ya mbwa, ameikunja vizuri. Nikamsogelea, nikamuuliza kwa uchangamfu wangu ule ule, "Na wako yuko wapi?"

Akasema, "Amebaki ndani."

Nikajua anang'olewa jino, au amefanyiwa upasuaji mdogo. Nikamwambia, "Aa, usiwe na wasiwasi. Hawa wakitoka humo wanarukaruka kama watoto. Ukifika naye nyumbani mpe maji kidogo kidogo, asinywe kwa pupa."

Akanitazama. Akasema, "Asante."

Muda si muda mhudumu wa mapokezi akatoka na bahasha ndogo, akampa kwa mikono miwili. Ndani yake kulikuwa na ule mkanda wa shingoni, nilijua kwa sababu kengele yake ililia kidogo alipoipokea. Yule bwana akainuka akaenda zake na kamba yake. Sisi tuliobaki kila mmoja alimwinamia mnyama wake. Hakuna aliyenitazama.

Tangu siku ile nanyamaza. Naenda na gazeti, nalinyanyua mpaka usawa wa macho. Wiki iliyopita binti mmoja alikaa karibu yangu na kitoto cha mbwa kimeviringishwa blanketi. Akaniambia kitu kuhusu paka wangu, sikusikia vizuri, nikajibu "Mm" nyuma ya gazeti. Akageukia ukutani. Nikajisikia vibaya upya, sasa kwa kosa la upande wa pili.

Mwenzangu anasema hilo la kamba si lolote, eti nimewahi kufanya baya zaidi. Anakumbushia siku zetu za mwanzo pale, kuna kijana alikuwa na paka anayechechemea, nikamwambia akirudi nyumbani ampe nusu kidonge cha parasetamoli, kwa kuwa jirani yangu aliwahi kumpa mbwa wake akapata nafuu. Mhudumu alinisikia, akaja mbio kumwambia asithubutu. Sawa, nilikosea, lakini kijana alicheka, nami nikacheka, yakaisha. Hilo halininyimi usingizi. Kinachoninyima usingizi ni ile kamba.

Naomba unishauri. Je, nimtafute yule bwana nimwombe radhi? Naweza kuomba namba yake mapokezi. Na je, ninyamaze moja kwa moja mpaka matibabu ya paka wangu yaishe?

Mimi, Mdomo Mwepesi


SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza niliisoma ulivyotaka isomwe, nikaumia pamoja nawe pale kengele ilipolia. Mara ya pili nikakwama kwenye aya uliyoiandika mbio mbio, ile ya kijana na paka wake, na hapo ndipo nitakapoanzia ingawa hukuniuliza.

Mwenzako ana haki. Parasetamoli kwa paka ni sumu. Ini la paka halina uwezo wa kuivunja dawa hiyo kama linavyoivunja ini la binadamu, kwa hiyo inageuka kuwa kitu kingine mwilini mwake na kuishambulia damu, mpaka ishindwe kubeba hewa. Fizi hubadilika rangi zikawa kama kahawia au za kibuluu, uso na miguu huvimba, pumzi huwa za kutafuta. Nusu kidonge cha mtu mzima kinaweza kummaliza. Wewe unasema kijana alicheka, yakaisha. Alicheka kwa sababu mhudumu alifika. Angekuwa amekwenda kujibu simu, kijana angetoka na ushauri wako mfukoni, na asingejua hata jina lako la kukulaumia.

Tena ulisema jirani yako alimpa mbwa. Huu ndio mtego mkubwa wa benchi lile: kila mmoja anafikiri mnyama ni mnyama. Dawa za viroboto za mbwa, zile za kudondoshea mgongoni, nyingi zina permethrin, sumu ya kuua wadudu. Mbwa huzivumilia, paka akipakwa hutetemeka na kuingia kifafa. Na hata kwa mbwa, dozi iliyomfaa mkubwa inaweza kumuua mdogo. Mtu akikwambia "wangu alipewa hiki akapona," anakusimulia mwili mmoja, siku moja, mkono wa daktari mmoja, na mara nyingi nusu ya habari ameisahau.

Kwa hiyo kwenye dawa funga mdomo, na usione haya kuufunga. Akikuuliza mtu, mjibu, "Hilo mimi silijui, lakini mwambie daktari hivyo hivyo ulivyoniambia." Jibu hili lina faida kuliko unavyofikiri, kwa sababu watu wengi husimulia vizuri benchini, halafu wakiingia ndani wanasema tu "hali chakula." Kama wewe ndiye uliyemsikia akisema paka alitapika mara tatu tangu juzi, na kwamba mkojo hautoki tangu asubuhi, mkumbushe aingie nayo hayo yote. Na hilo la mkojo likiwa la paka dume, usimwache amalize hata sentensi, mpeleke mapokezi, maana dume aliyeziba ni mgonjwa wa kupitishwa mbele ya foleni nzima, paka wako akiwemo.

Kuna ujuzi mwingine unao, wa miezi minne, na huo ugawe bila woga. Unamwingizaje paka kwenye kikapu bila kuchanwa mikono? Umeweka kitambaa gani chenye harufu ya nyumbani? Umejifunza kwamba mnyama anayechechemea nyumbani akifika kliniki anaweza kutembea sawasawa kwa hofu, hivyo ni vyema kumrekodi kwa simu kabla ya kuondoka? Daktari akionyeshwa video ya kikohozi anafurahi kuliko akiigiziwa. Mambo kama haya hayamuui mtu wala paka wake.

Sasa tuje kwenye kamba.

Kuuliza "wako yuko wapi" halikuwa kosa la kukukosesha usingizi. Ulimwona mtu, ukaona kamba, ukaunganisha. Mimi mwenyewe niliwahi kumpongeza mwanamke mmoja kwa paka wake mwenye tumbo kubwa, nikamuuliza anatarajia watoto wangapi. Akaniambia ni dume, na lile tumbo ni maji. Nilitamani sakafu inimeze. Lakini nilinyamaza pale pale, na hapo ndipo mimi na wewe tunapoachana. Wewe uliambiwa "amebaki ndani," neno ambalo lingeweza kuwa na maana tano, ukachagua moja, ukaendelea nayo hadi nyumbani kwake, ukamnywesha mbwa maji. Tazama sasa, mwanangu, habari zako mbili zinafanana. Kwa kijana ulimtibu paka usiyemgusa. Kwa yule bwana ulimponya mbwa usiyemwona. Wasiwasi wako wote uko kwenye swali, na swali halina hatia. Tatizo ni kwamba ukishauliza, unajibu na la mwenzako.

Baada ya "amebaki ndani" palihitajika sekunde tatu za kimya. Nina hakika zingekutosha kuona mikono yake.

Kuna dalili pia ambazo mtu wa kila wiki kama wewe anapaswa kuzijua. Anayekaa bila mnyama, ameshika blanketi au kamba tupu, mwache kwanza. Anayeitwa kulipa kabla hajaingia, mara nyingi amepangiwa hivyo ili asisimame dirishani na pochi baadaye akiwa analia. Kliniki nyingi huwapa watu wa namna hii saa ya mwisho ya siku, au huwapitisha mlango wa pembeni. Zipo zinazowasha mshumaa mapokezini na kuweka kibao kidogo kuomba watu wapunguze sauti, kwamba ndani kuna anayemuaga mwenzake kwa mara ya mwisho. Kama yako haina, si vibaya kumdokezea mhudumu. Yule aliyepokeza bahasha kwa mikono miwili anaonekana ni mtu wa kusikia.

Kumtafuta? Hapana. Namba yake usiiombe, na mhudumu akikupa atakuwa amekosea kazi yake, kwa hiyo usimweke kwenye jaribu hilo. Halafu fikiria simu yenyewe itakavyokuwa. Mtu amezika mbwa wake wiki tatu zilizopita, anapigiwa na mgeni, analazimika kumwambia mgeni huyo "usijali, haikuwa kosa lako." Utakuwa umempa kazi ya kukufariji. Ukikutana naye siku moja, pale au njiani, mwambie, "Pole sana kwa siku ile. Sikuelewa." Kisha nyamaza kweli. Akitaka kukusimulia habari za mbwa wake atasimulia, asipotaka atapita. Na ile "asante" yake usiifumbue. Huenda ilikuwa ya adabu, huenda ya uchungu, huenda alipenda kusikia mtu akimzungumzia mbwa wake kama anayerudi nyumbani. Huwezi kujua, nami siwezi, na ukianza kumjazia maana utakuwa umerudi kule kule.

Gazeti nalo liache nyumbani. Yule binti mwenye kitoto cha mbwa hakukosa lolote. Alikuwa na hofu, akatafuta sauti ya mtu mzima, akapewa ukurasa wa michezo. Unasema unanyamaza usimuumize mtu, lakini kimya chako kimeshamuumiza mmoja. Kinakulinda wewe usione aibu tena, hiyo ndiyo kazi yake kubwa.

Ila ukimkuta tena, kitoto chake usikishike. Sisemi hivi kwa ukali. Mbwa mdogo asiyemaliza chanjo ndiye mtu wa hatari kuliko wote mle ndani, na hatari inamwendea na kumtoka. Parvo, ugonjwa wa virusi unaoua watoto wa mbwa kwa kuhara na kutapika, ilionekana kwa mbwa mwaka 1978, na ndani ya miaka miwili ilikuwa imeshazunguka dunia, kwa sababu virusi vyake ni vigumu kufa: hukaa sakafuni kwa miezi, husafiri kwa soli za viatu na kwa mikono ya watu wema wanaopapasa kila kichwa kilicho karibu. Na mbwa huweza kuvitoa kabla hajaonyesha dalili. Ndiyo maana wajuao huwabeba watoto wa mbwa mikononi wasiwaweke chini. Mkubwa naye, hata akitikisa mkia, muulize mwenyewe kwanza. Mkia unaotikiswa ni mnyama aliyechangamshwa, na kuchangamshwa si lazima iwe furaha. Mbwa mpole wa watu akiwa na maumivu ni mbwa mwingine kabisa. Akikung'ata, osha jeraha hapo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 kamili, halafu nenda hospitali ya watu wala usisubiri kuona.

Uanzie wapi basi? Uliza jina. "Anaitwa nani?" Swali hili analijibu kila mtu, mwenye chanjo ya kawaida na mwenye msiba, na kila mmoja anachagua mwenyewe aendelee hadi wapi. "Anaumwa nini?" linamtaka mtu akupe ripoti ambayo pengine hata daktari hajampa. Jina halidai kitu. Wengi watakwambia jina, kisha sababu ya jina, kisha nani nyumbani alipinga jina, na kabla hujageuka wameshakufikisha kwenye ugonjwa wao wenyewe, kwa miguu yao. Wengine watalitaja na kurudi kwenye simu. Hao waache, hawakukukataa wewe, wanahesabu dakika.

Hata yule bwana wa kamba. Sitaki kuirudia siku ile kwa niaba yako, lakini ungemuuliza jina la mbwa, angeweza kukutajia bila kusema amekufa, au angesema, au angelia. Lolote kati ya hayo lingekuwa lake.

Limebaki moja, na ni dogo, lakini limenikera tangu aya ya pili. Wakati wewe unazungumza na mzee wa kasuku, kikapu cha paka wako kiko wapi? Nakushuku, kiko sakafuni, kati ya miguu yako, usawa wa pua za mbwa. Paka anayekodolewa macho na mbwa anaelewa kitu kimoja tu. Atakaa kimya, amejikunja, nawe utadhani ametulia, kwa kuwa paka huficha hofu kama anavyoficha maumivu. Kiinue kikapu, kiweke mapajani au kwenye kiti, kifunike kwa kitambaa, mlango uutazamishe kwako. Mnyama wa miaka 14 anayekuja kuchomwa sindano kila wiki anastahili saa ile ya kusubiri isiwe mbaya kuliko sindano yenyewe. Ukishamweka vizuri, ongea utakavyo. Sauti yako ndiyo pekee anayoijua mle ndani.

Halafu, mwanangu, umenieleza habari za kasuku, sungura wa kasha la viatu, kitoto cha mbwa kwenye blanketi na kamba nyekundu. Nimemaliza barua nzima na paka wako simjui. Ukiniandikia tena, anza na hilo: anaitwa nani?